Kiti Kitupu cha Saa Tisa

Jumatano, tarehe 11 Juni. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito uliofunika mabati, na manyunyu membamba, yale yasiyolowesha nguo lakini yanaingia kwenye mifupa. Naanza na tarehe na hali ya hewa kwa sababu Mwalimu Kobelo wa kisomo cha jioni alitufundisha kwamba taarifa isiyo na tarehe ni umbea, na sipendi mtu aje aseme kwamba haya ni umbea. Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwa hofu, Mungu ni shahidi. Ni kwa heshima tu. Nchi ikitajwatajwa huchoka.

Katika nchi hiyo ipo zahanati ya Mtaa wa Mabati. Ina daktari mmoja, Daktari Yusta Ng'anzo. Ina mlinzi mmoja, Bwana Hamduni Pera, mwenye ufunguo na kufuli. Na ina mwita majina, ambaye ndiye mimi, Eufrazia. Kazi yangu ni nyepesi. Mtambo ukilia "ting'", jina linatokea kwenye kioo chake, nami naliita mlangoni mara tatu. Mtu akiitika anaingia. Asipoitika, nachukua muhuri wa mpira na kugonga mbele ya jina lake: AMEKOSA.

Neno hilo lilitafutwa na kamati ya watu kumi na wanane kwa muda wa miezi saba, na kwa kweli ni neno zuri, maana linafanya kazi mbili kwa wino mmoja. Linasema mtu amekosa miadi, tena linasema mtu amekosa. Mimi nililichukua lilivyo. Kila siku kabla ya kulala niliwaombea wakosaji wangu msamaha, mmoja mmoja kwa jina, na siku nyingine walikuwa wengi hata nikasinzia katikati ya herufi M.

Zamani hatukuwa na miadi. Wagonjwa walikuja alfajiri wakakaa kwenye benchi, aliyetangulia akatangulia, na kufikia mchana wote walikuwa wameshaondoka. Serikali iliona aibu. Ikanunua Mtambo wa Miadi kutoka ng'ambo, kwa fedha za kigeni. Mtambo mama uko makao makuu, mtoto wake yuko kwetu, naye huchapa vikaratasi na kadi za marudio tu. Mama huchapa kadi zenye siku na saa, kadi zinatiwa kwenye bahasha, bahasha zinafungwa kwa nta nyekundu, na mjumbe wa nyumba kumi anazigawa. Mtumishi wa zahanati haruhusiwi kuisoma kadi ya mgonjwa, ili kulinda siri ya ugonjwa. Ugonjwa wenyewe umeandikwa juu ya bahasha, ili ijulikane ni siri gani inayolindwa.

Tangu Mtambo ufike, watu waliacha kuja. Kwa kila majina kumi niliyoita, saba hayakuitika. Daktari Yusta aliketi na vyombo vyake vilivyochemshwa, akitazama viti.

Waziri wa Mahudhurio, Mheshimiwa Balthazari Kitenge-Mbonde, aliunda Tume ya Viti Vitupu. Tume ilizunguka nchi nzima ikikaa kwenye viti hivyo kwa zamu, na mwisho ikatoa hesabu: kiti kimoja kitupu kinalitia taifa hasara ya shilingi themanini na nne elfu. Humo mlikuwa na mshahara wa daktari anayesubiri, umeme wa taa inayomulika mtu asiyekuwapo, uchakavu wa kiti kwa sababu ya kutokukaliwa, na huzuni ya serikali, ambayo ilikadiriwa. Na kwa kuwa wagonjwa hawana kitu, ikaamuliwa kwamba zahanati ndiyo ilipe hasara iliyopata.

Basi tukalipa. Januari walichukua mizani ya watoto. Februari wakachukua friji ya chanjo. Machi wakamchukua muuguzi, Sista Paskazia, wakamhamishia Idara ya Takwimu, ambako anahesabu zahanati zisizo na wauguzi. Daktari Yusta alijaribu akili moja. Alimwambia Mkaguzi Mkuu wa Viti Vitupu, Bwana Remijius Sululu, "Bwana Mkaguzi, na kama tukiviondoa viti? Hakuna kiti, hakuna kiti kitupu."

Bwana Sululu alimtazama kwa huruma. "Daktari, ukiondoa kiti, utupu unabaki umesimama. Na utupu uliosimama ni ghali zaidi."

Kufikia Juni tulibakiwa na jiko la kuchemshia vyombo. Barua ikaja: Jumatano tarehe 11, saa kumi, Mheshimiwa Waziri atafika mwenyewe kushuhudia jiko likichukuliwa. Na ili awe mfano kwa taifa, ziara yake ameiingiza kwenye Mtambo, na amepewa kadi kama mwananchi yeyote.

"Wakilichukua jiko," alisema Daktari Yusta, "nitakuwa nasafisha vidonda kwa sala za Mama Eufrazia."

Nilimshukuru. Baadaye ndipo nilipofikiri kwamba labda hakuwa ananisifu.

Kidonda alichokuwa anakifikiria kilikuwa cha Mzee Lazaro Ndimangwa. Mzee huyu ni fundi viatu, mtu wa miaka sitini na minane, ana kisukari, na chini ya unyayo wa kushoto ana kidonda kilichoanza na msumari mdogo wa viatu vya watu wengine. Alikuwa amekosa mara mbili. Muhuri niliugonga mimi, mara zote mbili. Sheria inasema akosaye mara tatu anafutwa kwenye daftari la taifa, wala hatatibiwa popote. Na Daktari Yusta alikuwa amesema, sauti yake ikiwa chini kabisa, "Kidonda kile kisipofunguliwa na kusafishwa wiki hii, mguu unaondoka. Na kwa umri wake, mguu ukiondoka hauondoki peke yake."

Miadi yake ya tatu ilikuwa hiyohiyo Jumatano.

*

Sasa nirudi nyuma siku moja, Jumanne jioni, kwenye kisomo cha watu wazima katika ukumbi wa parokia. Dawati langu ni la watu wawili, na mwenzangu ni Bwana Hamduni, mlinzi wetu. Sisi wote tumeanza kusoma ukubwani. Jioni hiyo somo lilikuwa saa. Mwalimu Kobelo alichora duara mbili ubaoni.

"Sisi tunaanza kuhesabu jua likichomoza," alisema. "Jua limekaa saa moja, tunasema saa moja. Wenzetu wa ng'ambo wanaanza kuhesabu usiku wa manane, watu wamelala. Kwa hiyo mtu wa ng'ambo akikuambia tisa ya asubuhi, wewe fahamu saa tatu. Tofauti ni sita. Andikeni."

Tukaandika. Bwana Hamduni hakuwa na daftari la shule, alikuwa anaandika nyuma ya daftari lake la kazi. Kazi yake ya mchana, baada ya kufunga zahanati saa nane, ni kuandika majina ya wazururaji, yaani watu wanaosimama kwenye lango la serikali bila sababu. Wizara ya Usalama inawatoza faini, na nasikia mwaka huu mapato yake ni mazuri sana.

Mimi bado nina tamaa ya kusoma ya mtu aliyechelewa. Nasoma mifuko ya chumvi, nasoma vibao vya maduka. Nikasoma na ukurasa wake.

"Bwana Hamduni," nikasema, "huyu Ndimangwa L. ni mzee fundi viatu?"

"Huyohuyo. Mzururaji sugu. Anakuja saa tisa kamili, shati limepigwa pasi, anasimama kwenye kufuli anatikisa kichwa. Nikimuuliza unatafuta nini, ananiambia 'namtafuta daktari.' Saa tisa! Daktari gani anatafutwa saa tisa na tumefunga saa nane?"

Nikatoa daftari langu la majina, ninalotembea nalo kwa ajili ya sala. Nililiweka kando ya lake. Tarehe 28 Mei, mimi niligonga AMEKOSA majina kumi na moja. Tarehe 28 Mei, yeye aliandika wazururaji kumi na mmoja. Majina yaleyale. Kwa mfuatano uleule. Wangu wa saa mbili asubuhi, wake wa saa nane mchana. Wangu wa saa tatu, wake wa saa tisa.

Nikatazama ubao. Tofauti ni sita.

"Mama Eufrazia," alisema Bwana Hamduni, "mbona unaukodolea ubao macho? Homa?"

Walikuwa wanakuja. Wote. Kadi iliwaambia saa tisa, nao wakaja saa tisa, saa tisa yetu sote, na Mtambo ulikuwa unawaita kwa saa ya kwao huko, ambayo ni saa tatu asubuhi. Niliweka uso juu ya dawati. Miezi yote hiyo nilikuwa nimewaombea watu msamaha kwa kosa lililokuwa mkononi mwangu. Nikageuza sala palepale, ikawa fupi sana.

*

Ndiyo maana Jumatano hiyo, ukungu bado haujainuka, nilikuwa mlangoni kwa Mzee Ndimangwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mguu umewekwa juu ya kalibu za viatu, umefungwa kitambaa na juu yake mfuko wa plastiki. Harufu ilinipokea kabla yake. "Wewe si yule wa muhuri?"

"Ndiye mimi. Mzee, nimekuja tuondoke. Miadi yako ni saa tatu asubuhi, si saa tisa."

Alitoa kadi kutoka kwenye mfuko wa shati. "Soma. Nasikia siku hizi unasoma."

"Inasema saa tisa, lakini—"

"Inasema saa tisa. Nimekosa mara mbili, mwanangu, na sijui nilikosa wapi. Nilifika saa tisa, si kabla wala baada. Leo ni ya tatu. Unataka nifike saa tatu, waseme nimekuja saa isiyo yangu, unigonge?"

"Mtambo una saa ya ng'ambo, mzee. Tofauti ni sita."

"Nani kasema?"

"Mwalimu Kobelo."

"Mwalimu Kobelo ni serikali?"

Nikamrudishia kadi yake.

"Wewe umenikosesha mara mbili kwa muhuri," alisema, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Leo umekuja kunikosesha ya tatu kwa miguu. Nenda kazini, mama. Mimi nitakwenda saa tisa kama kadi inavyosema. Atakayekosa leo si mimi."

Nilimsihi. Alichukua nyundo akaanza kugonga soli ya kiatu cha mtoto, na mimi nikatembea kwenye tope kwenda kazini, nikijua kwamba saa tatu nitaita jina lake na hatakuwapo.

*

Bwana Sululu alishafika, na vijana wanne wa kubeba jiko, na saa ya mkononi yenye mishale mitatu. Daktari Yusta alikuwa amelijaza jiko maji na kuliwasha.

"Unachemsha nini?" aliuliza Bwana Sululu. "Jiko ni mali ya hasara."

"Mpaka saa kumi ni jiko langu," alisema daktari.

Nilimweleza Bwana Sululu kila kitu. Nilimfungulia madaftari mawili, nikamchorea duara mbili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, Mtambo ulinunuliwa kwa fedha gani?"

"Za kigeni."

"Umewahi kuona kitu cha fedha za kigeni kikakosa?"

Saa tatu kamili asubuhi. "Ting'!" NDIMANGWA L.

Nikasimama mlangoni. "Lazaro Ndimangwa!" Ukungu haukujibu. Nikatembea polepole mpaka dirishani. Nikapiga magoti, nikasali Baba Yetu, bila haraka. Nikainuka. "Lazaro Ndimangwa!"

"Mara ya pili," alisema Bwana Sululu, akitazama mishale yake. "Malizia."

Nikapiga magoti tena.

"Unafanya nini?"

"Kanuni inasema jina liitwe mara tatu kwa sauti ya kusikika, Bwana Mkaguzi. Haisemi kati ya mara na mara ipite muda gani."

Alilitafuta lile jambo kwenye kitabu cha kanuni. Alilitafuta kwa muda mrefu, maana kitabu kina kurasa mia nne na fahirisi yake iliibwa. Mimi nilianza rozari. Nilifika fumbo la tatu, Bwana Sululu akakifunga kitabu kwa kishindo.

"Unanichezea, mama. Lete muhuri."

"Muhuri ni wa mwita majina."

Akauchukua mezani. Akaufungua wino. Daktari Yusta alisimama, akaweka kiganja chake juu ya jina la Mzee Ndimangwa kwenye daftari.

"Ondoa mkono, Daktari."

"Gonga."

"Nitagonga mkono."

"Gonga, Bwana Mkaguzi. Uandike na mkono umekosa."

Muhuri ulikuwa juu. Nilikuwa nimefumba macho.

"Ting'!"

Saa nne kamili. Tukageuka sote kwenye kioo. KITENGE-MBONDE B. (MHE.)

Bwana Sululu aliushusha muhuri taratibu, kama mtu anayeshusha yai. "Haiwezekani. Mheshimiwa aliniambia kwa kinywa chake saa kumi. Ya jioni."

"Kadi yake inasema kumi," nilisema. "Kumi ya Mtambo ni saa nne yetu. Ni sasa. Nimwite?"

"Usiite!"

"Kanuni, Bwana Mkaguzi." Nikaenda mlangoni. "Mheshimiwa Balthazari Kitenge-Mbonde!" Mbuzi mmoja alikohoa ng'ambo ya barabara. Nikaita tena. Mbuzi akakohoa tena. Nikavuta pumzi ya mara ya tatu, na Bwana Sululu akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono ilikuwa baridi.

"Mama yangu. Dada yangu. Mtambo haukosi?"

"Umesema mwenyewe."

"Na Mheshimiwa hakosi."

"Hilo ndilo tunalofundishwa."

"Basi nani amekosa?" aliuliza Daktari Yusta.

Bwana Sululu alikaa kwenye kiti kitupu, akakijaza. Jasho lilimtoka na baridi yote ile. "Si umpigie simu?" alisema daktari. "Mwambie amechelewa."

"Mtu wa mwisho aliyemwambia amechelewa," alisema Bwana Sululu, "sasa ni balozi wetu kwenye kisiwa kisicho na watu."

Ndipo Mungu akaniwekea neno mdomoni. "Bwana Mkaguzi, hakuna aliyekosa. Mheshimiwa ameitwa mara mbili tu. Tunasubiri ya tatu."

Akainua kichwa. "Tunasubiri."

"Mpaka afike."

"Mpaka afike! Umesema vema."

"Na aliye mbele yake kwenye foleni naye ameitwa mara mbili. Foleni ni foleni. Siwezi kumsubiri wa nyuma nikamgonga wa mbele."

Alitazama daftari, akatazama kiganja cha daktari ambacho kilikuwa bado palepale. Akayafuta macho. "Wote wasubiriwe," alisema. "Wa leo wote."

*

Saa nane mchana Bwana Hamduni alikuja na kufuli lake kama kawaida.

"Ole wako ufunge!" alipiga kelele Bwana Sululu. "Mheshimiwa aje akute kufuli?"

"Sheria inasema saa nane, bwana."

"Sheria inamsubiri Mheshimiwa!"

Hivyo ndivyo mlango wa zahanati ya Mtaa wa Mabati ulivyobaki wazi mchana, kwa mara ya kwanza tangu Mtambo uje. Nao wakaanza kufika. Wa kwanza alikuwa mama mwenye watoto pacha, kadi yake saa nane. Bwana Hamduni alifungua daftari la wazururaji kwa mazoea.

"Jina?"

"Hamduni, si umeniandika mara mbili? Leo umenisahau?"

"Ingia tu," alisema, akalifunga daftari. "Ingia, ingia."

Daktari alimtibu. Akaja mwenye jipu, akaja mwenye pumu. Viti vilianza kukaliwa. Vilipiga kelele ya misumari, kwa kuwa vilikuwa vimezoea kupumzika. Nami niliangalia saa ya ukutani. Jiko lilikuwa linachemka. Saa kumi litachukuliwa, na kidonda cha Mzee hakiwezi kufunguliwa kwa kisu kisichochemshwa.

Saa tisa kamili. Mtu ambaye hajawahi kuchelewa maisha yake yote hakuwapo mlangoni.

Saa tisa na dakika tano. Saa tisa na kumi.

"Huyu mzee wako," alisema Daktari Yusta, akichochea moto bila kunitazama, "leo ndiyo ameamua kuwa mkosaji kweli?"

Saa tisa na robo. Nikatoka hadi langoni. Tope lilikuwa tupu. Nilisali, "Bwana, mimi nimemwita mara mbili. Ya tatu mwite wewe."

Saa tisa na dakika ishirini na tano nikaona mkokoteni wa maji ukiyumba kwenye kona, madumu yameshushwa, na ndani yake Mzee Ndimangwa amelala upande, shati limepigwa pasi. Aliyekuwa anasukuma ni jirani yake, muuza maji, Bwana Chogero.

"Alianguka njiani," alisema Bwana Chogero, akihema. "Homa. Lakini kila nikisimama nipumzike ananitukana. Ananiambia wewe Chogero utanikosesha!"

Nilisimama mlangoni nikaita mara ya tatu, kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni: "Lazaro Ndimangwa!"

"Nipo," alisema yule mzee kutoka kwenye mkokoteni. "Nilikwambia nitakuja."

Daktari Yusta hakupoteza neno. Walimlaza, akatoa kisu kwenye maji yanayochemka, akakifungua kidonda. Sitaeleza kilichotoka. Nilishika taa. Bwana Chogero alishika mguu, kisha akaenda nje kutapika, akarudi akaushika tena.

"Unahisi hapa?" aliuliza daktari.

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

Daktari alisogeza kidole. "Na hapa?"

"Mama wee! Unaniua, binti!"

"Asante Mungu," alisema Daktari Yusta, mtu ambaye sijawahi kumsikia akisali. "Mguu bado ni wake. Nipeni saa moja na maji ya moto."

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika mbili, na nje tulisikia ving'ora.

*

Mheshimiwa alishuka kwenye gari la tano. Sikuchelewa. "Mheshimiwa Balthazari Kitenge-Mbonde!" niliita, mara ya tatu.

"Nipo," alijibu, akidhani ni shangwe. Akaingia, akaona viti. Viti vyote vilikuwa vimejaa, na wengine wamekaa chini. Aliduwaa. Kisha akageukia wapiga picha, uso umeng'aa.

Vijana wanne walikuwa wameshalifikia jiko. Mmoja alilishika, akaruka nyuma akipuliza vidole. "Linachemka, bosi!"

"Limwagwe," alisema Bwana Sululu.

Daktari, mikono yake ndani ya mguu wa Mzee Ndimangwa, hakugeuka. "Dakika arobaini," aliniambia kwa kunong'ona. "Mama Eufrazia, nitafutie dakika arobaini."

Nikaenda mbele ya Waziri, nikapiga goti. "Mheshimiwa, wananchi wamekuja kwa wingi huu. Watarudi hivihivi bila neno lako?"

Mungu anisamehe, nilijua ninachofanya. Mheshimiwa alipanda juu ya benchi.

"Ndugu wananchi!" alianza. "Zamani, kabla ya uongozi huu, watu walikuwa wanaugua ovyo. Mtu anaumwa Jumatatu, anakuja Jumatatu! Hakuna mpango! Sisi tumeuleta ugonjwa kwenye ratiba. Wahenga walisema ahadi ni deni. Mimi nikasema, na miadi ni deni! Lipeni! Na leo naona mmelipa kwa makalio yenu wenyewe..."

Alihutubia dakika hamsini na tatu. Vijana wa jiko walisimama wima, kwa kuwa ni kosa kubeba kitu Waziri akisema. Nyuma ya pazia la shuka daktari alikuwa anachovya, anakata, anachovya. Mheshimiwa alipofika kwenye "na mwisho kabisa" ya nne, Daktari Yusta alitoka akijifuta mikono, akanipa ishara ya kichwa.

Hapo Mtambo, ambao unamhesabu aliyeingia kwa daktari tu, ukalia wenyewe, ukatoa kikaratasi. Nilikisoma kwa sauti kabla sijafikiri, ni tabia ya mtu aliyejifunza kusoma juzi: "Kitenge-Mbonde B. Hakuhudhuria. Amekosa. Kiti kitupu kimoja, shilingi themanini na nne elfu."

Bwana Sululu alikichukua kile kikaratasi mkononi mwangu, akakikunja mara mbili, akakitia mdomoni, akatafuna.

"Ilisema nini?" aliuliza Mheshimiwa.

"Karibu," alijibu Bwana Sululu kwa shida, akimeza.

Lakini madaftari mawili hayakuwa yamemezwa. Niliyaweka mbele ya Waziri, nikamwonyesha majina. Aliyasoma. Alisoma muda mrefu kuliko nilivyotazamia, na mara moja macho yake yalikwenda kwenye kadi yake mwenyewe iliyokuwa mfukoni. Nafikiri alielewa. Kisha nikaona akiacha kuelewa, taratibu, kama mtu anayevua koti.

"Tatizo nimeliona," alisema. "Ni jua. Jua letu linachomoza kwa saa zake lenyewe. Nitaunda tume. Mpaka tume ilitazame jua, Mtambo uendelee na kazi, na zahanati ifungwe saa nane kama sheria inavyotaka." Akatazama jiko. "Na kwa mahudhurio haya mazuri, mimi binafsi nawazawadia jiko hili."

Alipigwa picha akimkabidhi Daktari Yusta jiko la Daktari Yusta. Lilikuwa bado la moto, wakalishikilia kwa kanga yangu.

Watu walianza kuinuka. Bwana Hamduni alisimama mlangoni na kufuli mkononi. Ndipo Mzee Ndimangwa, mguu wake mweupe kwa bandeji, alipoketi kwenye mkokoteni na kutoa kadi mpya ambayo Mtambo ulikuwa umemchapia.

"Mama," alisema kwa sauti dhaifu. "Daktari anasema Ijumaa nisipofungwa upya, kazi yote ya leo ni bure. Kadi inasema Ijumaa, saa tisa. Nimeshakosa mara mbili. Niambie wewe. Nije saa ngapi?"

Bwana Sululu alinitazama. Mheshimiwa alikuwa na mguu mmoja ndani ya gari. Nilinyoosha mkono, na Bwana Hamduni, bila kuulizwa, akaniwekea ufunguo kiganjani. Nikachukua na muhuri, nikaenda nikamkabidhi Mzee Ndimangwa muhuri ule.

"Mzee, njoo saa tisa," nilisema. "Saa tisa yako. Mimi Eufrazia, mwita majina, naahidi mbele ya Mungu, mbele ya Mheshimiwa, mbele ya Bwana Mkaguzi, mbele ya Hamduni na hawa wote waliokaa na waliosimama: Ijumaa saa tisa alasiri mlango huu utakuwa wazi, na sitakuita, maana nitakuwa nimesimama langoni nakungoja. Ukiukuta umefungwa, usiniombee msamaha. Chukua muhuri huo, unigonge hapa kwenye paji la uso, watu wote wasome: amekosa."